SOMO LA AFYA: KUWAFUATILIA WALIOTANGAMANA NA MGONJWA

Msimu wa pamba unapofunguliwa, kituo cha kununulia cha chama cha msingi, mathalani huko Mwamapalala, hukusanya watu wa vitongoji vingi. Mkulima huja na mkokoteni wake, hungoja mizani kivulini, hunywa maji kwa kikombe kimoja na jirani, na jioni hurejea kwake. Iwapo mmoja wao ana ugonjwa wa kuambukiza, ugonjwa huo umekwisha kupata njia nyingi za kusafiria. Kuzitafuta njia hizo moja baada ya moja ndiko kuitwako kuwafuatilia waliotangamana na mgonjwa.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mhudumu wa afya humwuliza mgonjwa alikuwa wapi na alikuwa na nani tangu alipoanza kuugua. Kila aliyetajwa huandikwa, hutembelewa, na huangaliwa kwa muda ambao ugonjwa huweza kujificha mwilini. Akionyesha dalili hutengwa upesi na kutibiwa, kabla hajawaambukiza wengine.

Mfano ulio mashuhuri ulitokea Merca, nchini Somalia, Oktoba 1977. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipanda gari kwa dakika chache pamoja na watoto wawili wenye ndui. Siku chache baadaye akashikwa na homa. Kwanza alidhaniwa ana malaria, kisha tetekuwanga, akaruhusiwa kwenda nyumbani, ambako marafiki walimtembelea kwa wingi. Ndui ilipotambuliwa, wafanyakazi wa afya waliwatafuta watu 161 waliokuwa wametangamana naye. Kati yao 41 hawakuwa wamechanjwa. Watu zaidi ya 50,000 wa mji huo na jirani zake walichanjwa katika majuma mawili. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa naye. Maalin alipona, akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ugonjwa huo umetokomezwa.

Karibu zaidi na Simiyu, ng'ambo ya Ziwa, ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera tarehe 21 Machi 2023. Walihesabiwa wagonjwa tisa, na sita kati yao walifariki. Waliotangamana nao, zaidi ya 200, waliangaliwa kwa siku 21 kila mmoja, na tarehe 2 Juni ugonjwa ukatangazwa kuwa umekwisha. Hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Orodha ile ya majina ilikuwa miongoni mwa silaha chache zilizokuwapo.

Hata hivyo njia hii haina nguvu sawa kwa kila ugonjwa. Mwenye ndui au Marburg haambukizi kabla ya dalili kuonekana, kwa hiyo anayefuatilia hupata nafasi ya kumtangulia. Virusi vya korona, vilivyogunduliwa nchini Tanzania Machi 2020, huweza kuenea siku moja au mbili kabla mtu hajajihisi mgonjwa. Mataifa mengi, hata yenye fedha na simu tele, yalishindwa kuandika majina kwa kasi ya ugonjwa. Kifua kikuu nacho huenda polepole. Hapo kuwapima wote wanaolala nyumba moja na mgonjwa huwaibua wagonjwa waliojificha, na watoto wadogo hupewa dawa za kinga.

Katibu wa chama anayo hazina ambayo huenda hakuifikiria: daftari la mapokezi ya pamba, lenye majina na tarehe, huweza kumkumbusha mgonjwa alikutana na nani kituoni. Lakini daftari halijui ni nani aliyekuja kumsindikiza mkulima, wala mama aliyeuza uji pale nje. Hao hupatikana kwa kinywa cha mgonjwa tu, naye hatawataja akiamini kwamba kuwataja ni kuwatia taabuni. Mtu anayekatazwa kusafiri kwa siku 21 hupoteza mnada na kibarua. Asipopewa msaada, jirani yake atajifunza kunyamaza.

Wanachama wajadili mkutanoni: ikiwa mwenzao ametakiwa kukaa nyumbani siku 21 katikati ya palizi, ni nani atakayelipalilia shamba lake, ni nani atakayempelekea chakula na maji, na chama kitatoa nini?