Yakobo na Tajiri Wake

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 29:15–30, 30:25–43, 31:1–55, Kutoka 22:10–13, Mathayo 18:15–17, Warumi 12:17–21.

Fungu la kukariri: Warumi 12:18

Tumbe, katika Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, ni kijiji cha bahari. Vyombo vikirudi, diko hujaa watu na mnada huanza. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamegundua kwamba palikuwa na mji hapo kati ya karne ya 7 na ya 10, na wameokota vigae vingi sana vyenye mifereji vilivyotumika kusugulia shanga. Watu wamefanya kazi pamoja katika pwani hiyo kwa zaidi ya miaka 1,000, na bila shaka wamegombana pia.

Kazi ya chombo ni kazi ya mgao. Tajiri ana mashua, nyavu na mashine, nahodha anaongoza, mabaharia wanavuta. Samaki wakishauzwa hutolewa kwanza gharama, kama vile mafuta na barafu, kisha fungu la chombo, na kinachobaki ndicho wanachogawana. Ugomvi mwingi umejificha ndani ya neno hilo “kwanza”. Mafuta yalikuwa lita ngapi? Wavu uliochanwa na mwamba unalipwa na nani?

Tuchukue mfano wa mshiriki wa kanisa aliyetoka bara, akapata nafasi ya ubaharia katika mashua ya Tumbe. Kila mgao anaona fungu lake limepungua, na akiuliza anaambiwa, “Wavu ule haukujichana wenyewe.” Anarudi nyumbani na kitoweo mkononi na hasira kifuani. Afanye nini, yeye anayejiita Mkristo mbele ya majirani ambao karibu wote ni Waislamu?

Soma Mwanzo 31:38–42. Yakobo anataja malalamiko gani dhidi ya Labani?

Hayo ni maneno ya mtu aliyeyatunza moyoni kwa muda mrefu. Miaka 20: kumi na minne kwa ajili ya binti wawili, sita kwa ajili ya mifugo. Ujira ulibadilishwa mara kumi. Jua la mchana, baridi ya usiku, usingizi haupo. Na lililouma zaidi liko katika fungu la 39: mnyama akiraruliwa, hasara ilikuwa ya Yakobo. Linganisha na Kutoka 22:13. Sheria iliyotolewa baadaye ilimwachilia mchungaji asilipe, mradi alete mabaki kuwa ushahidi. Labani alidai hata kile ambacho Mungu mwenyewe hakumdai mchungaji. Baharia anayekatwa fedha za wavu uliochanwa na mwamba anaielewa sura hii kuliko wasomaji wengi.

Lakini tazama ni lini Yakobo alisema haya. Aliyasema mlimani Gileadi, akiwa ameshatoroka, baada ya Labani kumfukuza siku saba. Mwanzo 31:20 haifichi kwamba aliondoka kwa hila. Katika miaka yote ile Biblia inatuonyesha akidai haki yake mara chache tu (29:25, 30:25–33), na mara nyingine akijitafutia faida kwa fito zilizobanduliwa maganda (30:37–42). Uvumilivu wake ulikuwa wa kweli, ila ulichanganyika na ukimya na ujanja. Tusiuite mchanganyiko huo upole. Mtu anayenyamaza kwa bosi wake, kisha akajilipa kwa siri kwa kuficha samaki chini ya ubao wa mashua, hajavumilia.

Soma Mathayo 18:15. Ingawa Yesu anazungumza juu ya ndugu, hatua ya kwanza inafaa hata kazini: wawili peke yao, mapema, kabla habari haijafika barazani. Kwa baharia wetu maana yake ni kungoja tajiri amalize swala na chakula, kumwamkia kwa heshima anayostahili mzee, kisha kusema, “Mzee wangu, naomba tuitazame pamoja hesabu ya mafuta na ya wavu.” Asipopata jibu, Yakobo mwenyewe anaonyesha njia ya pili katika 31:37: mambo yawekwe mbele ya ndugu wa pande zote mbili, nao waamue. Pale Tumbe wapo bwana diko, kamati ya wavuvi na sheha. Kwenda kwao kwa adabu si kukosa imani. Ni vigumu zaidi kuliko kulalamika kanisani, ambako tajiri hayupo kujitetea.

Kuna jambo jingine ambalo darasa lisilipite haraka. Wavuvi wengi wa Kiislamu hawaendi baharini siku ya Ijumaa. Jua likizama, chombo kinaweza kutoka. Lakini saa hiyo hiyo mshiriki wetu anaingia Sabato. Nahodha anamwambia, “Ijumaa huendi kwa sababu yetu, Jumamosi huendi kwa sababu yako. Sisi tukale wapi?” Hili si tusi. Ni hesabu ya mtu ambaye wenzake wanavuta wavu huku mkono mmoja umepungua. Katika mashua ile, mtu mgumu ni Mwadventista! Hawezi kuiacha Sabato, lakini hilo aliseme siku ya kwanza anapoomba kazi. Anaweza pia kutodai fungu la usiku asiovua, na Jumapili alfajiri awe wa kwanza kushona nyavu. Labani, pamoja na ubaya wake wote, alikiri kwamba alibarikiwa kwa sababu ya Yakobo (30:27). Je, nahodha angeweza kusema hivyo?

Soma Mwanzo 31:44–55. Mispa ilikuwa baraka ya aina gani?

Fungu la 49 hupendwa na watu wanaoagana kwa upendo. Katika sura yenyewe linasemwa na mtu asiyemwamini mwenzake: Bwana na aangalie kati ya mimi na wewe, tutakapokuwa hatuonani. Wanaweka lundo la mawe, kila mmoja anaahidi kutolivuka kwa nia mbaya, kisha wanakula pamoja. Alfajiri Labani anawabusu wanawe na wajukuu, anawabariki, anarudi kwao. Hawakuwa marafiki. Mungu aliyemwonya Labani katika ndoto (31:24) hakumbadilisha tabia, alimwekea mpaka. Warumi 12:18 nayo ina masharti mawili: ikiwezekana, na kwa upande wetu. Kwa hiyo baharia anaweza kumaliza mgao wake, kulipa anachodaiwa, kuaga mchana mbele ya watu na kutafuta chombo kingine. Na akikutana na tajiri yule mnadani, amwamkie.

Maswali ya Kujadili:

Yakobo alimkuta Labani akiwa yeye mwenyewe amekwisha kumdanganya baba yake (Mwanzo 27). Historia ya mtu inaathirije namna anavyowaona wakubwa wake wa kazi?

Mshiriki anawafahamisha kwamba hesabu za mgao zinafichwa, lakini akisema ataondolewa kazini, na ana watoto wanne. Kanisa mahalia limsaidie vipi, mbali na kumwombea?

Ni nani kazini kwako ambaye, akiulizwa leo, angekutaja wewe kuwa mtu mgumu? Angetoa sababu gani?