Nani Ameishika Mvua?

Mkulima wa pamba wa Mkula, mkoani Simiyu, anapofukia mbegu mwezi Novemba au Desemba, aanza safari ambayo mwisho wake hauoni. Mvua yaweza kunyesha yote kwa juma moja, kisha ikakatika. Funza huingia vitumbani. Na hata pamba ikishavunwa, bei yake hutegemea masoko ya dunia, na watu wasioijua Mkula iko wapi. Basi, mtu huyu yu mikononi mwa nani?

Kila Jumapili twakiri katika Nasadiki kwamba Mungu ni Mwenyezi, wala hakuna anayebisha. Lakini imani hiyo hupimwa siku ile ng'ombe watatu wanapokufa mfululizo, au mtoto anapozimia kwa homa usiku wa manane. Hapo hatuulizi tena, "Ni nini?" Twauliza, "Ni nani?" Na aulizaye hivyo hakosi wa kumjibu, kwa maana nfumu wa ramli yupo, naye hupata riziki yake kwa swali hilo hilo.

Matunda ya jibu lake yajulikana Usukumani kote. Bibi kizee, mara nyingi mjane, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, hutajwa kuwa mchawi; na wako waliokatwa mapanga kwa sababu hiyo tu. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928. Mwezi Januari 2009, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Hatua hizo zilikuwa na haki yake. Lakini askari hawezi kuingia moyoni mwa mtu aliyefiwa na kumwondolea swali lake.

Swali lenyewe ni la kale. Wanafunzi wa Yezu, walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa, walitaka kujua aliyekosa: yeye au wazazi wake. Bwana wetu hakumtaja mtu. Alikataa majibu yote mawili, kisha akamponya kipofu.

Kanisa huita utawala huu wa Mungu Maongozi yake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba Mungu huviongoza viumbe kwa kuvipa nguvu za kutenda kweli. Kwa mifano ya kwetu: mbu huambukiza malaria kweli, dawa huponya kweli, na mtu huchagua kweli. Dhambi Mungu haitendi; huiruhusu, naye aweza kutoa jema hata humo. Kwa hiyo Katekisimu ya mwaka 1992 yakataza kila namna ya ramli, na kutuagiza tuyaweke mambo yajayo mikononi mwa Maongozi hayo.

Liko shimo la pili, nalo Wakristu wema hutumbukia humo wakiwa na rozari mkononi. Mtoto hukaa na homa siku tatu nyumbani, ingawa Mkula kuna hospitali, anapofariki, wazazi husema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Neno hilo ni la kweli, ila hapa limetumika kuufunika uzembe wetu. Mungu aliyempa mganga wa hospitali akili ndiye aliyeruhusu homa. Kumtumaini ni kuupokea na msaada wake pia. (Vivyo hivyo asiyepalilia shamba lake asilaumu mbingu.)

Mtihani mkubwa huja matangani. Wazee wameketi, na mmoja asema kwa upole, "Twende tukaulize." Baba Mkristu hana haja ya kuwatukana wazee wake. Aseme kwa adabu: "Baba zangu, kwa Misa nitachanga, kwa chakula cha wageni nitachanga, kwa deni la hospitali nitachanga. Kwa ramli sitoi hata senti moja, wala sitakwenda." Huenda wakamwita mtoto asiye na heshima. Na ikiwa jina la bibi fulani limekwisha kunong'onwa, amjulishe mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo, kisha yeye na wanawe wakalale nyumbani kwa bibi huyo hadi hasira za watu zitulie.