Deni la Wawili: Somo juu ya Furaha ya Mke katika Ndoa

Soma: 1 Wakorintho 7:1-5, Mwanzo 2:18-25, Wimbo Ulio Bora, sura ya 1.

Somo hili ni la waalimu, wazee wa kanisa na vyama vya akina mama. Yafaa lisomwe kwanza nyumbani na mume na mke pamoja, kisha ndipo lisomwe katika vyama, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Jambo tunalolinena ni la siri, lakini si la aibu. Siri hutunzwa kwa heshima. Aibu ni ya dhambi, na tendo la ndoa si dhambi.

I. Neno lenyewe

Wakristo wa Korintho walimwandikia Mtume Paulo wakimwuliza habari za ndoa. Katika jibu lake sisi tumezoea kusikia nusu moja tu, yaani ya kwamba mwili wa mke ni wa mumewe. Nusu hii hunenwa hata na watu wasiofungua Biblia siku nyingine. Lakini Paulo hakukoma hapo. Papo hapo asema ya kwamba mwili wa mume nao ni wa mkewe. Tena katika mstari wa 3 anayetangulia kuagizwa ni mume. Yeye ndiye wa kwanza kulipa. Basi tuangalie mambo matatu.

Kwanza, Paulo amwagiza mdaiwa alipe. Hamwagizi mdai akamate. Mume amshikaye mkewe kwa nguvu, au arudiye usiku amelewa na kumlazimisha, asijifunike kwa mstari huu, maana haumo upande wake.

Pili, katika mstari wa 5 Paulo ataka ya kwamba hata wakijitenga kwa ajili ya sala, iwe kwa mapatano. Nao wasiosemezana watapatanaje? Kwa hiyo mume na mke yawapasa kuongea juu ya jambo hili.

Tatu, ikiwa mume ana deni kwa mkewe, basi mke naye ana kitu cha kupokea. Hakuitwa kuvumilia tu. Mke atimizaye wajibu wake miaka 20 kwa maumivu na kimya, huyo hajalipwa deni lake.

II. Furaha hii ni karama ya Mungu

Wengine huona ya kuwa mke mcha Mungu hapaswi kufurahi kitandani, na ya kwamba akionyesha furaha mumewe atamdhania kuwa mwasherati. Lakini Wimbo Ulio Bora, baada ya jina la kitabu, waanza kwa sauti ya mwanamke anayemtamani mpenzi wake. Roho Mtakatifu hakumnyamazisha.

Umbo la mwili nalo lashuhudia hayo. Mungu alimpa mwanamke kiungo kidogo kiitwacho kinembe, chenye mishipa mingi sana ya fahamu, na kazi yake ijulikanayo ni kumletea raha. Je, Muumba alikosea? Hasha! Ndiyo sababu ukeketaji ni dhuluma: waondoa kile alichokiweka Mungu, na kuacha kovu, na maumivu, na hatari wakati wa kuzaa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Naye dada aliyekwisha kukeketwa asikate tamaa, maana kwa upole wa mumewe na msaada wa waganga aweza bado kuipata furaha.

Daktari Martin Luther naye aliandika juu ya maisha ya ndoa mwaka 1522, akakataa fundisho la kwamba ndoa ni hali ya chini mbele za Mungu. Mwaka 1525 akamwoa Katharina von Bora, wakapata watoto sita.

III. Kwa nini wengi hawakufundishwa

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekaa miaka mingi Old Moshi, aliandika mafundisho ambayo Wachagga waliwapa vijana wao, nayo yakapigwa chapa katika vitabu vitatu tangu mwaka 1932 hata 1938. Kazi ile yatuonyesha ya kuwa wazee hawakumwacha kijana aingie katika ndoa bila kufunzwa. Si yote ya zamani yaliyokuwa mema. Lakini mahali pengi, mafundisho yale yalipoondolewa, hayakuwekwa mengine mahali pake. Msichana huambiwa, “Jihadhari na wavulana,” kisha siku ya arusi huambiwa, “Mtii mumeo.” Katikati ya maneno haya mawili hapana kitu. Basi aingia chumbani akiwa na hofu, na mumewe akiwa na yale aliyoyaokota njiani kwa vijana wenziwe.

IV. Mambo ya mwili yapasayo kujulikana

1. Mwili wa mke mara nyingi huhitaji muda. Akipendezwa kwa maneno na kupapaswa, uke wake hupata unyevu. Asipokuwa tayari huwa mkavu, naye huumia. Tena wake wengi hawafiki upeo wa furaha kwa kuingiliwa peke yake, ila kwa kupapaswa pia. Wala huo si ugonjwa wala upungufu. Dawa za kukausha uke zaleta michubuko na kufungua njia ya magonjwa. Kuosha ndani kwa sabuni nako hudhuru. Maji safi kwa nje yatosha.

2. Maumivu si sheria ya ndoa. Yaweza kutoka katika hofu, ukavu, kovu la kuzaa, au ugonjwa ndani ya kizazi. Maumivu yasiyokoma, uchafu wenye harufu mbaya, au damu baada ya tendo la ndoa, yote ni sababu ya kwenda hospitali. Ikiwa ni ugonjwa wa kuambukiza, mume naye apimwe na kutibiwa, la sivyo utarudi. Vivyo hivyo yafaa wachumba wapimwe virusi vya UKIMWI pamoja.

3. Nyakati hubadilika. Mama aliyejifungua ahitaji kupumzishwa. Desturi ya siku arobaini ina hekima, lakini hata zikipita, mume angoje mpaka mkewe amepona na kuwa tayari. Wakati wa kunyonyesha, na hedhi inapokoma, ambapo kwa walio wengi ni kati ya miaka 45 na 55, ukavu ni wa kawaida, na mafuta maalumu ya hospitali husaidia. Upendo haukomi pamoja na hedhi.

4. Saratani ya mlango wa kizazi hutokana, karibu mara zote, na kirusi cha papiloma kinachoenea kwa kujamiiana. Mume aweza kumletea mkewe bila kujua, kwa hiyo ugonjwa huu usiwe sababu ya kumshuhudia mke kuwa mzinzi. Chanjo yake ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hata 14 hupewa dozi moja. Wanawake wafikao miaka 30 wapimwe hata wakijiona wazima. Wale wenye virusi vya UKIMWI waanze mapema zaidi.

5. Hofu ya mimba nyingine yaweza kuondoa furaha yote. Mume na mke waende pamoja kliniki kuuliza juu ya kupanga uzazi. Mzigo huu si wa mke peke yake.

V. Kazi ya mwalimu

Mwalimu awafundishapo wachumba, asome mistari yote mitano, asiikate nusu. Mambo ya mwili ya bibi arusi yafundishwe na mama mwenye busara, aliyechaguliwa na usharika, ajuaye kutunza siri. Tena mke akija na kusema kwamba hupigwa au hulazimishwa, asirudishwe nyumbani kwa kusomewa mstari juu ya utii. Kwanza atafutiwe mahali pa salama, kisha mumewe aitwe.

Nanyi wake, semeni. Si kosa mke kumwambia mumewe kwa upole, “Baba Fulani, hapa naumia,” au, “Hivi napendezwa.” Nanyi waume, ulizeni, na mkiisha kuuliza, sikilizeni. Mume asiyeuliza hawezi kujua kama amelipa deni lake.

Maswali ya kuulizana:

1. Katika mistari hii mitano, mume ameagizwa nini, na mke ameagizwa nini?
2. Katika usharika wetu, ni nani awafundishaye wasichana kabla ya arusi, naye huwafundisha nini?
3. Zahanati ipi iliyo karibu nasi hupima saratani ya mlango wa kizazi, na siku zipi?

Mungu aliyewaunganisha awape kujuana kweli, na kufurahiana katika amani yake. Amina.