Somo la Kumtunza Mgonjwa Aliyekaribia Kufa, na Haki za Watu wa Nyumba Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mauti na uhai. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baadu.

Ijulikane ya kuwa Waislamu wa Katonga na Ujiji, na wa mwambao mzima kwa jumla, ni hodari wa kuzika. Mtu akifa asubuhi, jioni haimkuti juu ya ardhi. Lakini mtu huyo huyo alipokuwa kitandani miezi mitatu kabla ya kufa, mara nyingi waliokesha naye walikuwa mkewe na binti zake tu, na wanaume wamekaa barazani wakiulizana khabari zake. Somo hili ni la miezi mitatu hiyo.

Upigwe mfano wa mvuvi wa Katonga aliyeshikwa na saratani ya koo. Amekwenda Dar es Salaam kwa gari la moshi, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, akapokewa Ocean Road, na madaktari wakaona ugonjwa umekwisha kuenea, hauondoki tena kwa kukata wala kwa mionzi. Akarudishwa kwake. Hapo watu hufanya moja katika mambo mawili, na yote mawili ni kosa. Wengine husema, "Huyu hana dawa," wakamwacha na maumivu yake mpaka ifike siku. Wengine huuza mtumbwi na nyavu na mashine, wakamzungusha kwa waganga mpaka ng'ambo ya Kongo, akafia njiani, na watoto wakabaki hawana baba wala mtumbwi.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii kujitibu ni sunna, si wajibu. Wala haifai kumshurutisha mgonjwa dawa au chakula asichokitaka, hayo yamekirihishwa. Katika maradhi yake ya mwisho, mwaka wa 11 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alitiwa dawa pembeni mwa kinywa na watu wake, naye akiwaashiria wasimtie. Wao walidhani ni chuki ya kawaida ya mgonjwa kwa dawa. Alipozindukana aliwakemea, akaamuru kila aliyekuwamo nyumbani atiwe dawa ile ile, illa ami yake Abbas, kwa kuwa hakushuhudia jambo lile. Na wazingatie hayo wale wanaomlazimisha mgonjwa uji kwa kijiko huku amefumba meno, wakisema wanamhurumia. Mwili unaokaribia kufa hauombi tena chakula. Kulowesha midomo yake kwa maji kwamtosha, na Mtume mwenyewe alikuwa akitia mkono katika chombo cha maji na kujipangusa uso.

Ama maumivu, hayo yana dawa, hatta pale ambapo ugonjwa hauna. Kazi hii yaitwa tiba shufaa. Mwaka 1967 bibi mmoja tabibu, Cicely Saunders, alifungua mjini London nyumba ya kuwatunza wanaokufa, akafundisha ya kuwa maumivu si ya mwili peke yake: kuna ya moyo, na ya kuhofia watoto, na ya roho inayoelekea kwa Mola wake. Nairobi ilipata nyumba yake mwaka 1990. Kampala ilipata mwaka 1993 kwa juhudi za Dakta Anne Merriman, naye alitumia mofini ya maji, ya bei nafuu, ambayo mgonjwa huinywa kwake. Na tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda imewaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika wao wenyewe. Tanzania nayo ina tiba hii, na Ocean Road ni mojawapo ya mahali inapotolewa. Basi mgonjwa wa Kigoma anaporudishwa, watu wake wasiondoke pale mpaka wamepewa barua na maelezo ya dawa ya maumivu, na wakifika waende Maweni kuuliza.

Mtu atauliza: Mofini yatokana na afyuni, na afyuni ni haramu, vipi Muislamu ainywe?

Jawabu: Kuitumia kwa starehe ni haramu bila ya shaka. Lakini wanachuoni wamepambanua baina ya mvinyo na vitu vingine vyenye kuondoa akili. Imamu Nawawi alipozungumza juu ya mtu anayehitaji kukatwa kiungo kilichooza, alijuzisha apewe kisichokuwa mvinyo cha kumwondolea fahamu. Yaliyofaa kwa saa moja ya kukatwa hayatakatazwa kwa anayekatwa na maumivu usiku na mchana. Wala si kweli kwamba mofini humuua mgonjwa. Ikipimwa na mjuzi haimharakishi. Hunywewa kila baada ya saa 4, kwa saa, si kungoja mpaka apige kelele. Siku za mwanzo huleta usingizi, na hufunga choo, kwa hiyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha.

Akizidiwa asiambiwe kuwa sala imemwondokea. Atasali kwa kukaa, kisha kwa ubavu, kisha chali, kisha kwa kuashiria kwa kichwa, kisha kwa macho, hatta kwa moyo. Maji yakimdhuru atatayamamu. Kukusanya sala mbili kwa ajili ya maradhi, kauli mashuhuri ya madhehebu yakataza, lakini Imamu Nawawi ameitilia nguvu kauli ya kujuzu, na mwenye kuifuata hana lawama.

Jamaa wengi humficha mgonjwa khabari yake. Huruma hii humnyima haki, kwa sababu ana madeni ya kutaja, na amana za watu, na wasia. Saad bin Abi Waqqas alipougua alimuuliza Mtume kiasi gani ausie, akaruhusiwa thuluthi, akaambiwa ya kuwa hiyo nayo ni nyingi. Basi aulizwe kwa upole anataka kujua nini, na ajibiwe kweli kwa kadiri anavyouliza. Saumu alizokula kwa ugonjwa usiotarajiwa kupona ni fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku.

Saa ya mwisho ikifika, alazwe ubavu wa kulia aelekee kibla. Ikimpa tabu, alazwe chali, na uso na nyayo kibla. Shahada itajwe mbele yake kwa sauti ndogo, asiambiwe "Sema!" wala asikaririwe akichoka. Bora mwenye kumtajia asiwe mrithi, asije akadhania anaharakishwa.

Na watu wa nyumba? Wanaume wagawane zamu za usiku na kumgeuza, kwa kuwa mwili mzito huvunja mgongo wa mwanamke mmoja, na asiyegeuzwa huota vidonda. Jirani alete maji na kuni mgonjwa angali hai. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muta, mwaka wa 8, Mtume aliamuru watu wake wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikiwa na la kuwashughulisha. Siku hizi mfiwa ndiye awapikiaye waliokuja kumpa pole, na hilo madhehebu yetu yalikirihisha. Sufuria na zitoke kwa majirani, na mtumbwi wa marehemu ubakie ufukweni mpaka madeni yalipwe na mirathi igawanywe. Wallahu aalam.