Safari ya Kushuka Bondeni

Mbulumbulu ni nchi ya juu, yenye baridi na mashamba ya ngano. Chini ya ukingo wake liko Bonde la Ufa, na mji wa Mto wa Mbu, na Ziwa Manyara. Msafiri akitaka kushuka huko huuliza habari za nyati na tembo, hushika fimbo, hutafuta wenziwe wa njiani. Chandarua hukiacha nyumbani, ati ni mzigo, ingawa jina lenyewe la mji lamwonya!

Hulala huko siku mbili, akarudi salama. Hata zikipita siku 10 au 15, homa humshika kando ya moto wake mwenyewe. Naye husema, "Ni baridi ya hapa," maana safari amekwisha kuisahau. Kumbe vijidudu vya malaria, alivyotiwa na mbu jike usiku ule, vilikuwa vikizaana kimya ndani ya ini. Vijidudu hivyo tabibu Ronald Ross aliviona tumboni mwa mbu huko Bara Hindi, mwaka 1897. Wala mwili wa mtu wa juu haukuzoea kupigana navyo kama wa mwenyeji wa bondeni, aliyeugua mara nyingi tangu utoto.

Kwa hiyo tabibu humwuliza mgonjwa wa homa alilala wapi mwezi uliopita, ndipo apime damu. Asipoambiwa, aweza kutafuta ugonjwa mwingine, na siku za dawa zikapita.