Somo la Sita: Kuikagua Nyumba Kabla ya Kuinunua

Shabaha ya somo: Baada ya somo hili mnunuzi ataweza kutambua kasoro kubwa za nyumba kwa macho na mikono yake, kuzipanga kwa uzito wake, na kujua wakati wa kumwita mtaalamu.

1. Kwa nini ukaguzi

Kwa familia nyingi za Sumbawanga na vijiji vya Ufipa, nyumba hununuliwa kwa fedha za misimu mingi ya mahindi na maharage, au kwa akiba ya utumishi wa miaka. Fedha hiyo ikishakabidhiwa, ni vigumu kurudi. Muuzaji huijua nyumba yake kuliko mnunuzi, na rangi mpya huficha mengi. Ukaguzi hupunguza tofauti hiyo ya ujuzi kabla ya mkataba kutiwa saini.

2. Chagua majira ya kukagua

Uwanda wa Ufipa una msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Nyumba nyingi huonyeshwa wakati wa kiangazi, ambapo kuta zimekauka na viwanja havina matope. Ikiwezekana, itembelee nyumba mara mbili, na mara moja iwe siku ya mvua au kesho yake. Ukilazimika kununua kiangazi, tafuta alama za maji: mstari wa rangi ya kahawia juu ya sakafu, lipu inayobanduka kwa chini, chumvi nyeupe ukutani, na madoa kwenye dari. Waulize majirani maji ya mvua hupita wapi.

3. Msingi na kiwanja

Tazama mteremko. Maji yanapaswa kuikimbia nyumba, si kuiendea. Msingi uliochimbuliwa na matone ya paa, hata mawe yakaonekana, umeanza kupoteza udongo unaoushikilia. Udongo mweusi wa mabondeni huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kina hupanda na kushuka pamoja nao.

4. Kuta na tofali

Nyumba nyingi za Ufipa hujengwa kwa tofali za kuchoma. Ubora wake hutegemea tanuri: tofali za pembezoni mara nyingi hazipati moto wa kutosha. Omba zilizobaki kiwanjani, kisha fanya majaribio matatu. Gonganisha mbili, zilizoiva hutoa mlio mkali, mbichi hutoa mlio mzito. Kwaruza kwa msumari. Iliyoiva hukwaruzika kwa shida. Loweka moja usiku kucha. Ikilainika au kumeguka pembeni, haifai ukuta unaopigwa na mvua.

Kisha chunguza kilichounganisha tofali. Ukuta uliojengwa kwa udongo si mbaya kwa sababu hiyo peke yake, lakini unahitaji msingi ulioinuka, paa lililojitokeza nje ya ukuta, na lipu isiyo na nyufa. Kama ni saruji, kwaruza kiungo kwa msumari: kikitoka kama mchanga mtupu, saruji ilikuwa haba au ilikauka kabla ya kumwagiliwa.

5. Kuusoma ufa

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotawanyika juu ya lipu, kwa kawaida ni za lipu yenyewe. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, au unaotoka kwenye pembe ya dirisha kwa mshazari, unaeleza kuwa msingi umetitia au linta ni dhaifu. Ufa unaoonekana ndani na nje mahali pale pale umepita ukuta mzima. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe. Ukirudi baada ya wiki kadhaa na kuukuta umevuka alama, nyumba bado inatembea.

6. Linta, paa na tetemeko

Ufipa imo kandokando ya Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko lenye ukubwa unaokadiriwa kuwa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kurekodiwa Afrika Mashariki. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9 mkoani Kagera liliua watu na kuharibu maelfu ya nyumba. Kwa hiyo uliza: je, linta imeizunguka nyumba yote kama mkanda, au imewekwa juu ya milango na madirisha tu? Nondo zimefungwa kwenye kona? Ukuta wa pembetatu unaobeba paa umeshikwa na nini? Omba picha za wakati wa ujenzi. Muuzaji mwenye kujiamini hatasita.

Panda darini. Kenchi zifungwe kwenye linta kwa waya au nondo, kwa kuwa upepo wa uwandani ni mkali. Choma mbao kwa kisu: kikizama kwa urahisi, mchwa wamekutangulia. Kumbuka kwamba bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30.

7. Karatasi nazo ni sehemu ya jengo

Omba kibali cha ujenzi na uthibitishe katika halmashauri. Hakiki umiliki katika ofisi ya ardhi. Kwa ardhi ya kijiji, fika kwa Halmashauri ya Kijiji. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwa jengo la ghorofa, au lenye ufa unaotembea, mlipe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Asiwe aliyeletwa na muuzaji.

8. Kuamua

Gawa ulichokiona katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kasoro za kupaka: rangi, kitasa, kioo. Hizi zisikuzuie. La pili ni kasoro za kutengeneza: gata, lipu, bati chache. Mwite fundi wako akadirie gharama, nawe uipunguze kwenye bei. La tatu ni kasoro za kukataa: msingi unaotitia, ufa unaokua, kiwanja kinachopitisha mafuriko, umiliki wenye mgogoro. Hapo punguzo la bei halikusaidii, kwa sababu utanunua hasara kwa bei nafuu.

Maswali ya kujipima

1. Taja majaribio matatu ya tofali ya kuchoma.
2. Ufa wa lipu hutofautianaje na ufa wa msingi?
3. Muuzaji anataka malipo yote leo, kabla mvua hazijaanza. Utamjibu nini, na kwa nini?