SOMO LA AFYA: Dawa ya Umio Haishushiwi kwa Maji

Wapo watu wazima ambao tonge la ugali au nyama huwakwama kifuani mara kwa mara. Hutafuna sana, hushushia maji kila tonge, na huwa wa mwisho kumaliza kula. Wengine husema, "Mimi ndivyo nilivyo." Hapana! Huo ni ugonjwa. Leo tujifunze ugonjwa mmoja wa aina hiyo.

UGONJWA WENYEWE
Umio ni njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa watu wengine umio huvimba kwa sababu ya mzio. Mwili huona chakula fulani, kama maziwa, ngano au mayai, kuwa ni adui. Chembe nyeupe za damu hujikusanya kwenye umio. Miaka ikipita bila dawa, umio hufanya makovu na njia huwa nyembamba. Madaktari walianza kuutambua vizuri ugonjwa huu katika miaka ya 1990. Huonekana zaidi Ulaya na Marekani, hasa kwa wanaume na kwa wenye pumu.

KWANZA VIPIMO
Hapa kwetu Afrika Mashariki kuna saratani ya umio, nayo huanza vilevile: chakula kukwama. Basi tusibahatishe. Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera, huangalia umio, na huchukua vipande vidogo vya kupima.

DAWA
Dawa ni steroidi, kama budesonidi au flutikasoni. Ndizo hizo wanazovuta wenye pumu. Lakini mgonjwa wa umio havuti, anameza. Dawa hugusa palipovimba na kupatuliza. Ni kama kupaka dawa kwenye kidonda: ukishapaka, huoshi papo hapo. Ulaya iliruhusu kidonge cha kuyeyuka ulimini mwaka 2018. Marekani iliruhusu dawa ya maji ya kumeza mwaka 2024.

Tufuate haya:
1. Tumia dawa baada ya kula, siyo kabla.
2. Kaa nusu saa bila kula wala kunywa.
3. Halafu sukutua kwa maji, uteme. Dawa ikibaki mdomoni, huweza kuleta utando mweupe wa fangasi.
4. Usiache dawa kwa kuwa umepata nafuu. Uvimbe hurudi. Daktari ndiye wa kusema.

Tusinunue vidonge vya steroidi dukani badala ya dawa hiyo. Hivyo huenea mwili mzima. Vikitumiwa muda mrefu huweza kupandisha sukari na kudhoofisha mifupa.

HATARI
Chakula kikikwama na hata mate hayapiti, nenda hospitali mara moja. Usisukumize kwa tonge jingine wala kwa maji.

MASWALI
1. Kwa nini mgonjwa hanywi maji mara tu baada ya dawa?
2. Kwa nini ni lazima apimwe kwanza?
3. Je, kijijini kwenu yuko anayekwamwa na chakula? Mtamshauri nini?